Resista ya Kuvuta Juu kwenye Riseti ya Prosesa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu resista inayounganisha pini ya riseti (pini inayoianzisha prosesa upya) na umeme wa chipu. Mifano mingi ni ya ATmega328P (chipu ya Arduino Uno), STM32F103, ESP32 na PIC, kwa kuwa ndizo zinazoonekana zaidi kwenye bodi za wanafunzi na mafundi. Namna ya kukokotoa haibadiliki kwa chipu nyingine, mradi usome tarakimu za datashiti yake (karatasi ya vipimo kutoka kwa mtengenezaji).

## Mambo ya msingi

1. Resista hii inafanya kazi gani hasa?

Prosesa nyingi hujiriseti pini yake ya riseti inaposhuka chini, yaani ikikaribia volti sifuri. Pini ikiwa juu, programu inaendelea. Wanaoishusha pini hiyo ni kitufe, programa (kifaa cha kupakia programu kwenye chipu), chipu ya kulinda riseti (inayopima volti, swali la 14), na wakati mwingine prosesa yenyewe kutoka ndani. Wote hao hujua kushusha tu. Wakiachia, lazima pawe na kitu cha kuirudisha pini juu na kuiweka hapo, na kitu hicho ndicho resista ya kuvuta juu.

Bila resista pini huelea. Ukiisogezea kidole, au waya wa mota ukipita jirani, volti yake inahama, na chipu inajiriseti bila sababu unayoiona. Hitilafu ya namna hiyo inachosha kuitafuta kwa sababu mara nyingi hutoweka pale unapoweka mita (sababu iko kwenye swali la 20).

2. Nina haraka. Niweke ngapi?

Weka 10 kΩ. Kwa chipu za volti 3.3 au 5 zenye kitufe kimoja na programa moja, thamani hiyo ni salama karibu kila mara, na sababu yake inakokotolewa kwenye maswali ya 5 na 6. Kama bodi itafungwa karibu na mota, kontakta au waya mrefu, shuka hadi 4.7 kΩ. Usivuke 47 kΩ bila hesabu mkononi.

3. Kwa nini nisiunganishe pini moja kwa moja na VCC (umeme wa chipu) kwa waya?

Chipu itafanya kazi mpaka siku mtu atakapobonyeza kitufe au kuchomeka programa. Hapo VCC na graundi zinakutana bila kizuizi chochote: usambazaji wa umeme unaanguka, au transista ndogo iliyo ndani ya programa inaungua. Kwenye STM32 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu riseti ikitokea ndani (kwa mfano kutokana na mlinzi wa muda, yaani wochidogi), chipu yenyewe huishusha pini ya NRST kwa angalau mikrosekunde 20. Ukiwa umeifunga kwa waya kwenye volti 3.3, unaipiganisha chipu na umeme wake.

4. Chipu yangu tayari ina resista ya ndani. Bado nahitaji ya nje?

Inategemea chipu, na hapa ndipo wengi hunakili mchoro wa chipu moja wakauweka kwenye nyingine.

ATmega328P ina resista ya ndani ya kati ya 30 na 60 kΩ. Juu ya meza inatosha. Kwenye kifaa kitakachokaa shambani au karakana ya maji, ongeza 10 kΩ, kwa sababu 60 kΩ ni dhaifu mbele ya kelele za umeme. STM32F103 ina ya ndani ya kati ya 30 na 50 kΩ, na ST, watengenezaji wake, wanapendekeza kapasita ya 100 nF tu kutoka NRST hadi graundi, bila resista ya nje. RP2040, chipu iliyo kwenye Raspberry Pi Pico, ina kama 50 kΩ kwenye pini ya RUN.

ESP32 haina kabisa. Pini yake ya EN ikiachwa wazi, chipu huwaka leo, ikagoma kesho. Espressif, watengenezaji wake, wanataka 10 kΩ hadi volti 3.3 na kapasita ya 1 µF hadi graundi. Bodi zilizokamilika zenye USB huwa nazo tayari, lakini ukinunua moduli tupu yenye bati juu, hilo ni jukumu lako.

Ukiweka ya nje pamoja na ya ndani, zote mbili zinafanya kazi sambamba. Kwa 10 kΩ ya nje na 40 kΩ ya ndani unapata 8 kΩ. Tumia 8 hiyo, si 10, kwenye hesabu zote zinazofuata.

## Kuchagua thamani

5. Nitajuaje resista ni kubwa mno?

Angalia mkondo unaovuja. Hakuna pini isiyovuja: pini ya prosesa inavuja kidogo, transista iliyozimwa inavuja kidogo, bodi chafu inavuja pia. Mkondo wote huo unapita kwenye resista yako, na kila unapopita unakata volti. Pini ikishuka chini ya kizingiti cha "juu" kilichoandikwa kwenye datashiti, huna tena uhakika chipu itaona nini.

Chukua ATmega328P kwenye volti 3.3. Datashiti inataka pini ya riseti iwe angalau asilimia 90 ya VCC, kwa hiyo unaruhusiwa kupoteza volti 0.33 tu. Pini yenyewe inavuja hadi 1 µA. Ongeza chipu ya kulinda riseti, programa iliyoachwa imechomekwa, na uchafu wa bodi; tuseme jumla ni 10 µA. Gawanya 0.33 V kwa 10 µA: 33 kΩ. Hicho ndicho kikomo cha juu, na fundi makini hukigawanya kwa mbili au tatu ili abaki na nafasi. Unaona jinsi 10 kΩ inavyojitokeza yenyewe.

STM32F103 inavumilia zaidi kwa kuwa NRST yake inatosheka na volti 2 kwenye umeme wa 3.3. Una volti 1.3 za kupoteza, mara nne ya AVR (familia ya ATmega328P). Hii ndiyo sababu resista yake dhaifu ya ndani inaweza kusimama peke yake.

Uchafu wa bodi si nadharia. Flaksi (dawa ya kulehemu) ambayo haikusafishwa, ikikutana na unyevu wa chumvi kama wa Mombasa, Tanga au Unguja, inaweza kuwa kama resista ya 1 MΩ kutoka pini hadi graundi. Kwa 100 kΩ ya kuvuta juu, pini inabaki na asilimia 91 ya VCC: kwa AVR uko ukingoni kabisa. Kwa 10 kΩ unabaki na asilimia 99. Safisha bodi kwa spiriti ya isopropili baada ya kulehemu, kisha pake vanishi ya bodi ikiwa kifaa kinaishi pwani.

6. Na nitajuaje ni ndogo mno?

Hapa muulize yule anayeishusha pini: ana nguvu gani? Kitufe hakina shida. Chipu ya kulinda riseti inayo. MAX803 za volti 3.3 (zenye herufi R, S au T) zinaahidi kushusha pini hadi volti 0.3 zikiwa zinameza 1.2 mA. Kwa hiyo resista isipungue (3.3 − 0.3) ÷ 1.2 mA, yaani 2.5 kΩ. Za volti 5, zenye herufi L au M, zinameza 3.2 mA kwa volti 0.4, na kikomo kinashuka hadi karibu 1.4 kΩ.

Ukiweka ndogo kuliko hapo, bodi haiungui. Kinachotokea ni kwamba pini haishuki hadi chini kabisa. Inasimama kwenye volti 0.6 au 0.8. Kwa AVR, inayotaka pini iwe chini ya asilimia 10 ya VCC, hiyo si riseti ya uhakika. Kifaa kitajiriseti mezani na kitakataa kwenye joto.

Kumbuka kujumlisha resista ya ndani (swali la 4) na zile zilizo kwenye bodi nyingine zilizounganishwa na waya huohuo (swali la 8).

7. Kifaa changu kinatumia betri. Niweke 1 MΩ kuokoa umeme?

Hapana, na hili linaulizwa sana. Pini ikiwa juu, pande zote mbili za resista zina volti ileile, kwa hiyo hakuna mkondo unaopita isipokuwa ule wa kuvuja, na mkondo wa kuvuja haupunguzwi kwa kukuza resista. Resista ya 10 kΩ hula 0.33 mA pale tu riseti inaposhikwa chini. Mtu hubonyeza kitufe nusu sekunde kwa mwezi, betri haitajua.

Isipokuwa kifaa chako kinazimwa kwa kushikwa kwenye riseti kwa saa nyingi, kama wengine wanavyofanya na EN ya ESP32. Hapo 0.33 mA ni nyingi, na unaweza kupanda hadi 47 kΩ (0.07 mA) ukipunguza kapasita kwa uwiano uleule ili ucheleweshaji usibadilike.

8. Nina chipu tatu kwenye waya mmoja wa riseti. Resista tatu au moja?

Moja. Jumlisha mikondo ya kuvuja ya zote tatu unapotafuta kikomo cha juu, na tumia kizingiti cha chipu iliyo kali kuliko zote. Ukikuta kila moduli imekuja na 10 kΩ yake, tatu sambamba ni 3.3 kΩ, bado juu ya 2.5 kΩ ya MAX803. Ya nne inakufikisha hapo hapo kwenye 2.5 kΩ. Toa moja au mbili kwa chuma cha kulehemu.

9. Wati ngapi, asilimia ngapi, rangi gani?

Yoyote. Kwa volti 5 na 10 kΩ, resista hupata miliwati 2.5 ikiwa kitufe kimeshikwa. Hata ile ndogo ya 0402 inabeba miliwati 62. Asilimia 5 inatosha. Rangi za 10 kΩ ni kahawia, nyeusi, chungwa, dhahabu, za 4.7 kΩ ni njano, zambarau, nyekundu, dhahabu. Za kubandika juu ya bodi huandikwa 103 na 472. Usichanganye 103 na 104, ambayo ni 100 kΩ: kwenye mfuko wa resista mchanganyiko hilo hutokea kila wiki.

## Kapasita, kitufe na diodi

10. Kapasita ni lazima?

Kwa kelele za kasi, kapasita ina kazi kubwa kuliko resista. Waya wa mota ukipita karibu, unaurukia waya wa riseti kupitia uwezo mdogo wa pikofaradi chache. Tuseme pikofaradi 10 kutoka waya unaoruka volti 12: pini isiyo na kapasita, yenye pikofaradi 20 tu za asili, inasukumwa volti 4. Hakuna resista ya kawaida itakayowahi kuzuia, kwa sababu 10 kΩ na pikofaradi 30 zinahitaji nanosekunde 300 kuirudisha pini mahali pake. Weka 100 nF, na msukumo uleule unakuwa milivolti 1.2.

Tumia ya kauri, 100 nF, na iwe karibu na pini kadiri bodi inavyoruhusu, mguu wake mwingine ukienda kwenye graundi ya chipu kwa njia fupi. Kapasita iliyo kando ya kitufe, sentimita kumi kutoka kwenye chipu, inalinda kitufe.

Kuna mahali ambapo 100 nF inaleta hasara: bodi za mtindo wa Uno (swali la 16) na kazi ya kutafuta hitilafu kwa debugWIRE, njia ya AVR inayopitisha data kwenye pini ya riseti (swali la 17).

11. Ucheleweshaji nauhesabuje?

Zidisha R kwa C upate muda wa msingi, kisha zidisha kwa namba inayotegemea kizingiti: 0.69 kwa nusu ya VCC, 1.2 kwa asilimia 70, 1.39 kwa asilimia 75, na 2.3 kwa asilimia 90.

ESP32 yenye 10 kΩ na 1 µF: muda wa msingi ni milisekunde 10, na kizingiti cha asilimia 75 kinafikiwa baada ya kama milisekunde 14. Chipu inadai mikrosekunde 50 tu baada ya umeme kutulia, kwa hiyo ziada yote ni kwa ajili ya usambazaji wa umeme unaopanda polepole. ATmega yenye 10 kΩ na 100 nF: milisekunde 2.3 ukipuuza resista ya ndani, au karibu 1.8 ukiihesabu.

Hesabu hii inadhani umeme umepanda papo hapo. Kama unapanda kwa milisekunde 50, kapasita ya milisekunde 1 inaufuata hatua kwa hatua, na mwisho wake hujacheleweshwa kitu. Soma swali la 14.

12. Niweke resista nyingine mfululizo na kitufe?

Ndiyo, 100 Ω. Bila hiyo kapasita iliyojaa inamwagika yote kwenye vidomo vya kitufe kwa mara moja. Vitufe vidogo vya milimita 6 kwa 6 kwa kawaida vimeandikwa mA 50. Kwa volti 5, resista ya 100 Ω inaubana mkondo usizidi hapo.

Usiizidishe. Resista ya kitufe na ile ya kuvuta juu hugawana volti. Kwa 1 kΩ kwenye kitufe na 4.7 kΩ ya kuvuta juu, kwenye volti 3.3 pini inabaki na volti 0.58, wakati AVR inataka chini ya 0.33. Unabonyeza na chipu haisikii. Watu hubadilisha kitufe mara tatu kabla ya kuangalia resista.

13. Diodi iliyolala sambamba na resista ni ya nini?

Inaimwaga kapasita umeme unapozima. Umeme ukikatika na kurudi upesi, kapasita hupungua kupitia resista tu, polepole. Mfano: 10 kΩ na 10 µF zina muda wa msingi wa milisekunde 100. Umeme ukikatika kwa milisekunde 50, kapasita bado ina asilimia 61 ya volti 3.3, yaani volti 2.0. Kwa STM32F103 hiyo tayari ni "juu", kwa hiyo umeme unaporudi saketi ya nje haitoi riseti yoyote. Weka 1N4148, mstari wake ukielekea VCC, na kapasita itafuata VCC kushuka, ikibaki juu yake kwa kama volti 0.6 tu.

Kwenye AVR diodi ina kazi ya pili. Pini yao ya riseti haina diodi ya ndani kwenda VCC, kwa sababu hupokea volti 12 wakati wa kuprogramu kwa volti kubwa. Diodi ya nje inaziba pengo hilo dhidi ya umeme tuli. Ukitaka kutumia njia hiyo ya volti 12, iondoe kwanza.

## Chipu za kulinda riseti

14. Lini resista na kapasita hazitoshi?

Pale umeme unapoyumba bila kukatika. Resista na kapasita hazipimi volti, zinasubiri tu. VCC ikishuka kutoka 3.3 hadi 2.2 kwa milisekunde chache kisha ikapanda, kapasita haisemi kitu, na prosesa inaweza kuendelea kusoma maagizo yaliyoharibika au kuandika takataka kwenye kumbukumbu ya kudumu. Mifumo ya sola yenye betri iliyochoka, laini za umeme zinazokatika na kurudi mara tatu ndani ya sekunde moja, na jenereta inayowashwa ndizo hali ambamo kifaa kilichofanya kazi vizuri mezani kinakwama na kungoja mtu aje kukizima na kukiwasha.

Anza na kinga iliyo ndani ya chipu. ATmega328P ina kinga ya volti ndogo unayoiweka kwa fyuzi za programu (mipangilio ya kudumu ya chipu): 1.8, 2.7 au 4.3 V. Ni bure, iwashe. Kama chipu haina, au kizingiti chake hakikufai, weka chipu ya nje kama MAX809 au MAX803. Zinapima VCC na kuishika riseti chini kwa angalau milisekunde 140 baada ya volti kurudi. Kwa umeme wa 3.3 chagua T (3.08 V) au S (2.93 V), kwa umeme wa 5 chagua L (4.63 V) au M (4.38 V). Ukichagua T huku regyuleta yako (chipu ya kusawazisha volti) ikiyumba hadi 3.05 V kila redio inaporusha, umejitengenezea kifaa kisichowaka kabisa. S ni salama zaidi kwa ESP na modemu za simu.

15. MAX809, MAX803, MAX810: ipi inataka resista?

MAX803 peke yake. Hiyo ni ya dreni wazi: inashusha tu, haipandishi. MAX809 husukuma juu na kuvuta chini yenyewe, kwa hiyo haihitaji resista. MAX810 ni kama MAX809 lakini riseti yake hupanda juu, kwa chipu za aina ya 8051 (swali la 18).

Kwa STM32, kwa bodi yenye kitufe kwenye waya huohuo, na kwa bodi yenye programa, chukua MAX803. MAX809 hushikilia pini juu kwa nguvu, kisha kitufe, programa au chipu yenyewe inataka kuishusha, na wawili wanavutana. Anayeshinda hajulikani, na mkondo unaopita hapo katikati haukukusudiwa na yeyote. Kosa hili halionekani kwenye mchoro kwa sababu MAX803 na MAX809 zina miguu mitatu ileile, kwenye mpangilio uleule.

Swali dogo linalofuata mara nyingi: VCC ikiwa volti 1 tu, je, riseti bado imeshikwa? MAX803 inaahidi volti 0.3 ikimeza 50 µA tu kwenye volti hiyo. Kwa 10 kΩ mkondo ungekuwa 70 µA, umezidi ahadi. Ukihitaji uhakika hadi volti 1, panda hadi 15 kΩ au zaidi. Prosesa nyingi haziwezi kuendesha programu kwa volti 1, ndiyo maana wengi hawajawahi kuliona tatizo hili.

## Hali za pekee

16. Tangu niongeze kapasita, Arduino yangu haipokei programu mpya. Kwa nini?

Uno hujiriseti kwa kapasita ya 100 nF iliyo kati ya laini ya DTR (ishara inayotoka upande wa USB) na pini ya riseti. DTR inaposhuka volti 5, kapasita hiyo inaivuta pini. Ukiongeza 100 nF nyingine kutoka pini hadi graundi, mbili hizo zinagawana: pini inashuka volti 2.5 tu, haifiki kwenye 0.5 V inayotakiwa, na programu ya kupakia inangoja mpaka inakata tamaa. Punguza yako hadi 4.7 nF, pini itafika kwenye volti 0.22 na utabaki na kinga kiasi. Mbinu ya kuweka 10 µF kati ya riseti na graundi ili kuzuia riseti hiyo kwa makusudi inafanya kazi kwa sababu hiyohiyo.

17. Na programa nyingine zinazokataa?

debugWIRE kwenye ATmega328P: resista iwe kati ya 10 na 20 kΩ, na kapasita yoyote iliyo kwenye pini iondolewe, kwa kuwa data zenyewe zinapita kwenye pini ya riseti. Kwenye bodi ya Uno, kata njia ndogo iliyoandikwa RESET EN.

PIC za zamani kama 16F877A hupokea karibu volti 13 kwenye MCLR (pini yao ya riseti) wakati wa kuprogramu. Resista ya 10 kΩ inapitisha mkondo huo kidogo kwenda VCC bila madhara makubwa, lakini kapasita inaupunguzia mwendo wa kupanda, na diodi ya swali la 13 inaumeza wote. Weka jampa ya kuitenga kapasita, na usiweke diodi.

ESP32 ina shida ya upande wa pili: kapasita ikiwa ndogo au haipo, transista mbili za DTR na RTS (ishara nyingine kama DTR) haziwahi kuiingiza chipu kwenye hali ya kupokea programu. Ikiwa lazima ushike kitufe cha BOOT kila mara, ongeza kapasita ya kati ya 2.2 na 10 µF kutoka EN hadi graundi.

18. Kwenye 8051 kila kitu kimegeuzwa. Ni kosa?

Si kosa. AT89S52 na ndugu zake hujiriseti pini ikiwa juu, kwa hiyo resista ni ya kuvuta chini: 10 kΩ (au 8.2 kΩ) hadi graundi, na 10 µF kutoka pini hadi VCC. Chipu inataka pini ikae juu kwa mizunguko 24 ya kristali, yaani mikrosekunde 2 kwa kristali ya 12 MHz. Muda wa msingi wa milisekunde 100 unamfunika yeyote anayewasha polepole.

19. Bodi ina volti 5 na 3.3. Resista iende wapi?

Kwenye umeme unaolisha pini yenyewe ya prosesa. Ukiipeleka kwenye volti 5 huku prosesa ni ya 3.3, diodi ya ndani ya pini (kwa chipu zilizo nayo) inafunguka na kama 0.1 mA inaingia mfululizo. Mbaya zaidi ni pale 3.3 inapozimwa na 5 ikabaki: karibu 0.44 mA inailisha chipu kupitia pini ya riseti, chipu haizimi kabisa, na ukiiwasha tena haianzi vizuri kwa sababu haikuwahi kufika sifuri.

20. Kifaa kinajiriseti kila relei ya pampu inapolia. Resista ndogo itasaidia?

Kwanza hakikisha ni pini ya riseti kweli. Usibahatishe, chipu inakumbuka. Kwenye AVR soma rejista ya MCUSR mwanzoni kabisa mwa programu: EXTRF ni pini, BORF ni volti kushuka, WDRF ni wochidogi. Jihadhari, programu ya kuanzishia ya Arduino inaweza kuwa imeifuta kabla yako. ESP32 ina esp_reset_reason(). STM32 ina RCC_CSR, ila PINRSTF huwaka hata riseti ikitoka ndani, kwa hiyo angalia kwanza bendera nyingine zilizowaka pamoja nayo.

Ikiwa ni BORF, resista haihusiki: relei inainyima bodi umeme. Ongeza kapasita kubwa kwenye usambazaji na diodi ya 1N4007 juu ya koili ya relei. Ikiwa ni EXTRF, weka 100 nF kwenye pini kwanza, fupisha waya wa kitufe, kisha ndipo ushuke hadi 4.7 kΩ.

Kupima, weka mita kwenye pini huku kifaa kikifanya kazi na ulinganishe na VCC. Umeme ukiwa 3.30 na pini 3.24, milivolti 60 zimepotea kwenye resista. Kwa 10 kΩ pekee ni 6 µA zinazovuja, na unajua cha kutafuta. Kisha bonyeza kitufe usome tena: kwa AVR iwe chini ya asilimia 10 ya VCC, kwa STM32F103 chini ya 0.8 V, kwa EN ya ESP32 chini ya 0.6 V. Mita ya kawaida ina 10 MΩ ndani yake, kwa hiyo kwa resista ya 10 kΩ haibadilishi kitu, lakini kwa 1 MΩ inakuonyesha asilimia 9 pungufu. Na kwa pini isiyo na resista kabisa, mita yenyewe inakuwa resista: inaipa pini mahali pa kuegemea, tabia ya kifaa inabadilika, na unaondoka bila kuona ulichokuja kukitafuta. Kwa hizo tumia osiloskopu yenye probu ya 10X, iweke inase tukio moja pale pini inaposhuka chini ya volti 2, kisha washa pampu.